Paka Anayekonda Bila Sababu Kujulikana: Vipimo Vipi Vitangulie na Dawa Itolewe Lini

Mara nyingi mwenye paka huwa wa mwisho kujua kwamba mnyama wake anakonda, kwa kuwa anamwona kila siku na manyoya huficha mbavu na uti wa mgongo. Paka mzima wa kilo 4 akipungua gramu 400 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na hilo kwetu sisi madaktari wa wanyama si jambo la kungojea. Ndiyo maana ombi letu la kwanza kwa wakazi wa Mombasa ni la mizani: mtie paka kikapuni, mpime kwa mizani ya dukani au ya watoto wachanga, toa uzito wa kikapu, kisha andika tarehe na uzito uliobaki. Mizani ya kusimamia watu wazima haifai, kwa sababu kosa lake dogo laweza kuzidi uzito wote uliopotea.

Swali linalotuongoza katika kuchagua vipimo ni kama paka anakula au hali. Anayekula sana na bado anakonda hutufanya tufikirie tezi ya thairoidi (tezi ya shingoni inayoendesha kasi ya mwili) iliyozidisha kazi, hasa akiwa na umri wa zaidi ya miaka 10, au kisukari, au utumbo usiofyonza chakula. Anayekimbilia sahani, akanusa, akauma mara moja kisha akarudi nyuma huku akijipangusa mdomo kwa mguu, huyo ana njaa ila kinywa chamuuma. Asiyetaka chakula kabisa huenda ana ugonjwa wa figo, ini, kongosho, maambukizi au saratani. Tatizo ni kwamba wengi hawawezi kutujibu kwa yakini. Paka wa Mji wa Kale aghalabu ana nyumba tatu za kula, kichwa cha samaki huku na maziwa kule, na hakuna anayejua jumla ya alichokula. Mfungie ndani siku mbili pamoja na chombo cha mchanga na maji ya kutosha, nawe utajua anakula nini, anakunywa kiasi gani, na choo chake kikoje.

Baada ya hapo mikono ya daktari hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tunafungua kinywa kutazama fizi na mizizi ya meno, tunapapasa tumbo kutafuta uvimbe au figo zilizosinyaa, na kwa paka mzee tunapitisha vidole taratibu kandokando ya koromeo, ambako tezi iliyovimba huteleza chini ya kidole kama punje ya kunde.

Fedha zikiwa chache, na kwa wengi ni chache, ninashauri zitumike kwanza kwa damu na mkojo vilivyochukuliwa siku moja, kabla ya dripu. Damu peke yake hupotosha. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja, hupanda pale tu sehemu kubwa ya kazi ya figo imekwisha kupotea, na ikipanda bado haisemi kama paka amepungukiwa maji tu au figo zenyewe ndizo zilizochoka; mkojo mwepesi, wenye uzito linganishi (uzito wake ukilinganishwa na wa maji) ulio chini ya 1.035, ndio unaoelekeza kwenye figo. Sukari nayo ina mtego wake: paka aliyeletwa kwa tuktuk kutoka Kisauni, au aliyevushwa kwa feri kutoka Likoni katikati ya kelele, aweza kufika sukari yake ikiwa juu kwa hofu tu. Kabla ya kumwanzishia insulini tunataka sukari ionekane pia katika mkojo, tena ikiwezekana ule uliokusanywa nyumbani, au tupime fruktosamini, yaani protini ya damu iliyoshikana na sukari, ambayo huonyesha hali ya sukari ya wiki zilizopita. Kwa paka mzee tunaongeza kipimo cha homoni ya thairoidi. Kwa dume anayezurura na kupigana, tunapima virusi vya upungufu wa kinga na vya lukemia (saratani ya damu) ya paka. Dawa ya minyoo hutolewa hata choo kikionekana safi, kwani ni ya bei nafuu na madhara yake ni madogo.

Vipimo hivi vyote vikitoka vizuri, mara nyingi shida imo utumboni, na hapo ndipo penye uamuzi mgumu. Uvimbe sugu wa utumbo na limfoma ya polepole (saratani ya chembe za kinga) hufanana hata kwenye altrasaundi, na kinachotenganisha ni kipande cha utumbo kilichokatwa na kuchunguzwa maabara. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, humpa nafuu mgonjwa wa aina zote mbili, na ndiyo sababu hutolewa haraka mno: ikitangulia, huweza kuficha limfoma, na kwa paka mwenye kisukari huzidisha ugonjwa. Asiyeweza kugharimia upasuaji hajakosa njia. Tunajaribu chakula cha protini mpya, yaani nyama ambayo paka huyo hajawahi kula, kwa wiki mbili au tatu bila kuchanganya na kingine, tunampa vitamini B12, na steroidi hufuata baadaye, mwenye paka akielewa kwamba tunatibu kwa kukisia.

Hata jibu likipatikana, ufuatiliaji hauishi. Methimazoli, dawa ya tezi iliyozidisha kazi, hushusha homoni ya thairoidi, lakini tezi iliyochangamka huisukumia figo damu nyingi na kuufunika udhaifu wake, kwa hiyo figo hupimwa tena wiki chache baada ya kuanza dawa.

Kinachoweza kumuua paka kabla ya majibu kutoka ni njaa yenyewe. Paka asiyekula, hasa aliyekuwa mnene, huyeyusha mafuta ya mwili yakajaa kwenye ini, na masikio na fizi zikageuka manjano. Hapo hulishwa kwa mrija hata kama chanzo hakijajulikana. Usimpe parasetamoli kwa kudhani ana homa, kwa maana hata kipande cha kidonge chaweza kumuua. Paka aliyemaliza siku mbili bila kula aletwe siku hiyo hiyo.