Selo Haipo: Nyumba ya Kenyatta, Maralal

Juzi tena. Mzee mmoja kaja na wajukuu wawili, na kabla sijamaliza kuwakaribisha, tayari anapapasa fremu ya dirisha chumbani.

"Mzee wangu, umepoteza nini?"

"Natafuta alama za nondo. Selo yake ilikuwa hii?"

Selo haipo, na haikuwahi kuwapo. Hii ni nyumba ya kuishi. Mwenye hamu ya kuona selo aende Kapenguria, Kenyatta na wenzake watano walikoshtakiwa 1952. Hukumu ilitoka Aprili 1953: miaka saba na kazi ngumu. Kifungo chenyewe akakitumikia Lokitaung, kule kaskazini kabisa ya Turkana.

Aprili 1959 kifungo kikaisha. Ni hapa watu wanapopotea, na vitabu vya shule vinawasaidia kupotea. Hakwenda nyumbani, alipelekwa Lodwar, kizuizini. Aprili 1961 akahamishiwa Maralal, bado kizuizini, hadi aliporudishwa kwao Gatundu tarehe 14 Agosti. Mfungwa ana hukumu, na hukumu ina siku ya mwisho. Hata ukutani unaweza kuzihesabu siku zako. Wa kizuizini kalenda yake ni gavana wa kikoloni. Mtazameni Achieng Oneko, mmoja wa wale watano: alishinda rufaa yake, na bado wakamzuia kwa miaka.

Tena nyumba hii ilikuwa na shughuli! Chama cha KANU kilichomtaka Kenyatta huru kilishinda uchaguzi wa Februari 1961, kikakataa kuunda serikali Kenyatta akiwa ndani. Wanasiasa wakawa wanakuja hukuhuku kwenye baridi ya Samburu, wa KANU na wa chama pinzani cha KADU. Aprili 11 akazungumza na waandishi wa habari papa hapa Maralal. Mfungwa gani huyo?

Nilimweleza mzee yote hayo, pengine kwa sauti ya juu kuliko ilivyofaa. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Angeweza kutoka hapa akapanda gari kwenda Nairobi?"

"La."

Akarudi kwenye dirisha lake.

Na kusema kweli, alinigusa penye donda. Neno hili "kizuizi" ninalolipigania lilitungwa na serikali ya kikoloni yenyewe, na liliwafaa sana: humfungi mtu, unampangia tu pa kukaa. Nikisimama sebuleni kulitetea neno lao, natetea historia au nawafanyia kazi yao? Bado nalitumia. Ila siku hizi silitumii kwa kiburi kile cha zamani.

La kitanda ndilo halinipi shida. Mjukuu mkubwa alinivuta pembeni kuniuliza, kama wanavyouliza wote, eti Uhuru, mwanawe Kenyatta, alitungwa mimba humu? Kijana, Uhuru kazaliwa tarehe 26 Oktoba 1961. Rudi nyuma miezi tisa uhesabu kwa vidole: Mama Ngina na mumewe Kenyatta bado wako Lodwar.