Je, wajua kwa nini riwaya ya leo haisomwi kama gazeti?

Mwanafunzi wa fasihi ya dunia akiulizwa riwaya inahusu nini, mara nyingi hutaja dhamira tu: ndoa, umaskini, ubaguzi, uhamiaji. Hizo angezipata hata kwenye taarifa ya habari. Riwaya huifichua jamii kwa njia ya usimulizi: nani anasimulia, anajua kiasi gani, na nani amenyimwa nafasi ya kusema.

Chukua The Vegetarian ya Han Kang wa Korea Kusini, iliyotoka kwa Kikorea mwaka 2007. Yeong-hye anaacha kula nyama, na familia nzima inamjia juu. Kitabu kina sehemu tatu. Ya kwanza anaisimulia mume kwa nafsi ya kwanza, ya pili inamfuata shemeji, ya tatu dada. Yeong-hye, ambaye ndiye kiini cha yote, hana sehemu yake; sauti yake hupenya kwa vipande vifupi, hasa vya ndoto. Ukifuata matukio peke yake utaona kisa cha ugonjwa. Ukifuata sauti, utaona watu wakiamua kuhusu mwili wa mwanamke bila kumsikiliza mwenyewe, na mwandishi hajahubiri popote.

Kwa hiyo sura ya kwanza isome mara mbili. Mara ya pili shika kalamu, uandike msimulizi ni nani, kisa kinatokea lini na kitabu kilitoka lini, na nani anatajwa lakini hasemi. Kwa kila sura inayofuata, mistari minne mitano yatosha.

Tofauti ya miaka usiidharau. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ilichapishwa 1994, ila kisa chake ni cha enzi ya Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anamchukulia tajiri Aziz kuwa ami yake. Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz, ndiye anayemfumbua macho: huyu si ami yako, umewekwa rehani kwa deni la baba yako. Utumwa wa deni umevishwa joho la undugu. Aliyeisoma hivyo, akisikia leo mtumishi mdogo "analelewa kama mtoto wa nyumbani", atauliza mshahara wake anapokea nani.

Kosa baya zaidi ni kukifanya kitabu kimoja kuwa sura ya taifa zima. Soma angalau viwili vya nchi hiyo, vya waandishi wasiofanana.

Halafu kuna tafsiri. Tangu 2016, pauni 50,000 za tuzo ya International Booker, ya fasihi iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, hugawanywa sawa kwa sawa kati ya mwandishi na mfasiri. Mwaka huo walipata Han Kang na mfasiri wake Deborah Smith kwa The Vegetarian, na baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba Kiingereza cha Smith kina madoido kuliko Kikorea cha asili. Basi ukiwa na tafsiri moja tu, jenga hoja juu ya muundo, mpangilio na msimulizi, ambavyo havipotei sana njiani, na uwe mwangalifu kusifia uzuri wa sentensi. Kwa Gurnah, msomaji wa Kiswahili ana bahati: Ida Hadjivayanis aliitafsiri Paradise kwa jina la Peponi, 2022. Weka vitabu viwili sambamba na uanze na ukurasa wa mazungumzo, kwani namna watu wanavyoitana ndiyo inayoonyesha nani bwana, nani mtwana.