Kimondo si nyota inayokufa
Ufukweni Mikindani, mstari wa mwanga ukikatiza angani usiku, wapo watakaosema nyota imekufa. Sivyo. Hicho ni kimondo: kijiwe, mara nyingi kidogo kama punje ya mchanga, kinachoungua kikiingia kwa kasi kwenye angahewa. Nyota zote zimebaki palepale.

Nyota kubwa, yenye uzito unaozidi wa Jua mara nane hivi, hufa vingine kabisa. Nishati ikiisha, kiini chake cha chuma hujiporomokea ndani kwa muda usiofika sekunde moja (hapo ndipo ninapostaajabu zaidi), kisha matabaka ya nje hulipuka. Februari 1987 mlipuko kama huo ulionekana kwa macho matupu katika anga la kusini. Nuru yake ilikuwa imesafiri miaka ipatayo 168,000. Jua letu halitalipuka hivyo. Ni dogo mno.