Je, wajua kwa nini posta hutoa stempu jiji likipewa heshima ya utamaduni?

Tarehe 6 Machi 1990 posta ya Uingereza ilitoa stempu nne zenye picha za majengo. Mbili zilikuwa za Glasgow, Scotland: ya pensi 20 ilionyesha chuo cha sanaa cha jiji hilo, na ya pensi 37 kiwanda cha zamani cha mazulia. Glasgow iliingia humo kwa sababu mwaka ule ilikuwa Jiji la Utamaduni la Ulaya, cheo ambacho jiji hupewa kwa mwaka mmoja ili lionyeshe sanaa na utamaduni wake. Kabla yake heshima hiyo ilikuwa imepita Athens, Florence, Amsterdam, Berlin Magharibi na Paris. Kuona mji wa viwanda vya meli ukipanga foleni nyuma ya Paris kuliwashangaza wengi, wakiwemo wenyeji wake.

Heshima yenyewe ilibuniwa na Melina Mercouri, mwigizaji wa filamu aliyekuja kuwa waziri wa utamaduni wa Ugiriki. Akiungwa mkono na mwenzake wa Ufaransa, Jack Lang, aliwashawishi mawaziri wa Ulaya kwamba mataifa yao hayawezi kuunganishwa na biashara peke yake. Athens ikaanza mwaka 1985. Nchi za Kiarabu nazo, kwa kushirikiana na UNESCO, zilianzisha heshima kama hiyo mwaka 1996 kwa Cairo; Muscat, ambako Kiswahili bado kinazungumzwa na familia zilizotoka Zanzibar, ilipata yake mwaka 2006.

Sasa posta inahusika vipi na sherehe za ngoma, opera na maonyesho ya picha?

Tusizunguke: jambo la kwanza ni pesa. Stempu ni malipo ya mapema ya kazi ambayo posta itaifanya baadaye, yaani kuibeba barua. Mkusanyaji anapoinunua na kuifungia kwenye albamu, kazi ile haifanyiki kamwe. Ni kama mtu akate tiketi ya basi la Mwanza, aitie kwenye fremu aitundike sebuleni, na basi liondoke bila yeye. Karatasi, wino na gundi havigharimu sana, kwa hiyo sehemu kubwa ya bei inabaki posta. Nchi ndogo kama San Marino na Liechtenstein zimepata kipato cha maana kwa njia hii kwa miaka mingi. Tena mkusanyaji haridhiki na stempu tupu. Anataka bahasha ya siku ya kwanza, yenye stempu mpya na muhuri maalumu wa tarehe ile ile, ikiwezekana uliogongwa kwenye jiji lenyewe linalosherehekewa. Kila nyongeza ina bei yake.

Lakini pesa peke yake haielezi kwa nini majiji. Wakusanyaji wangenunua hata paka na magari. Hapo tuangalie jinsi posta inavyofanya kazi kwa ndani. Stempu haichorwi kwa wiki moja. Kuna kumtafuta msanii, kukataa michoro, kuomba idhini (Uingereza ni lazima mfalme au malkia akubali mchoro), kisha uchapaji. Mtu mashuhuri hufa bila kutoa taarifa, na timu huchukua kombe ambalo hakuna aliyelitarajia. Jiji la utamaduni hujulikana miaka kadhaa kabla, kwa hiyo ofisi inapanga bila kukimbizana. Tena jengo halina vituko. Uingereza ilikuwa na desturi ya kutoweka mtu aliye hai kwenye stempu isipokuwa wa familia ya kifalme, na ukiwaza jinsi sifa za watu zinavyoharibika, utaona busara yake. Kanisa la miaka 800 halikamatwi na polisi.

Kuna pia suala la nani anaruhusiwa kusherehekewa. Stempu ya kwanza ya kumbukumbu ya Uingereza, yaani ya kuadhimisha tukio maalumu, ilitoka mwaka 1924, kwa Maonyesho ya Dola ya Uingereza pale Wembley, na kwa miongo minne iliyofuata zilibaki chache mno. Mlango aliufungua Tony Benn, waziri wa posta, mwishoni mwa mwaka 1964, alipotangaza kwamba stempu zitatambua pia mchango wa nchi katika sanaa na sayansi. Bila mabadiliko hayo chuo cha sanaa kisingepata nafasi. Kimataifa nako, Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa Bern mwaka 1874, una kanuni za maadili zinazozitaka nchi zitoe stempu zinazohusu urithi wao wenyewe badala ya kuchapa chochote kinachouzika. Jiji lililotunukiwa kwa utamaduni linakidhi sharti hilo moja kwa moja.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kiini kiko kwenye kona ya stempu. Stempu za Uingereza haziandikwi jina la nchi, kwa kuwa ndiyo iliyotoa stempu ya kwanza ya kubandika duniani, mwaka 1840. Kinachokaa badala yake ni kichwa cha malkia au mfalme. Kichwa kile kikikaa juu ya picha ya Glasgow, maana yake ni kwamba dola imekubali: huyu ni wetu, na hivi ndivyo tunavyotaka aonekane. Bango la manispaa haliwezi kusema hivyo. Mtu wa posta hulibeba tamko lile mpaka nyumbani kwa watu ambao hawakuuliza.

Ndiyo maana uchaguzi wa picha si jambo dogo. Glasgow ilijulikana duniani kwa meli. Meli ya abiria Queen Mary iliteremshwa majini mwaka 1934 pale Clydebank, jirani tu, kwenye mto ule ule wa Clyde. Kufikia 1990 viwanda vingi vya meli vilikuwa vimefungwa na vitongoji vizima havina kazi. Mwaka wa utamaduni ulileta waimbaji Pavarotti na Frank Sinatra, na ukumbi mpya wa muziki. Kundi la waandishi na wanaharakati lililojiita Workers City lililalamika kwamba historia ya wafanyakazi inapakwa rangi ili jiji lipendeze kwa wawekezaji. Meli haikuwekwa kwenye stempu. Unaweza kusema mada ya seti ilikuwa usanifu wa majengo, na ni kweli. Ila mada hiyo iliwafaa sana waliotaka Glasgow mpya.

Hata hivyo wafanyakazi walipenya. Kile kiwanda cha mazulia cha Templeton kilichorwa na msanifu William Leiper kwa mfano wa kasri la watawala wa Venice, matofali ya rangi na madirisha ya mapambo. Novemba 1889, kikiwa bado kinajengwa, ukuta wake ulianguka juu ya mabanda ya ufumaji yaliyokuwa jirani na kuwaua wanawake 29. Stempu ya pensi 37 haisemi hayo, lakini ukuta unaouona pale ni wa jengo hilo hilo.

La kuchekesha ni kwamba Glasgow haikupewa hata seti yake peke yake. Iliwekwa pamoja na stempu mbili za Europa, mfululizo ambao posta za Ulaya hutoa kila mwaka kwa mada moja, na mwaka ule mada ilikuwa majengo ya posta. Moja ya hizo ilionyesha ofisi ya huduma za wakusanyaji iliyoko Edinburgh. Anayejua utani wa Glasgow na Edinburgh, majiji mawili ya Scotland yanayoshindana tangu zamani, ataelewa.

Dublin, mji mkuu wa Ireland, mwaka 1991 ilienda mbali zaidi katika kubana matumizi. Seti moja ya Jiji la Utamaduni ilibeba pia miaka 800 ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick na miaka 200 ya Custom House, jumba la forodha lililo ukingoni mwa mto Liffey.

Mahali pengine stempu ilibeba mzigo mzito kuliko huo. Mwaka 2009 Jerusalem, al-Quds kwa Waarabu, ilitangazwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Kiarabu. Israel ilipiga marufuku shughuli hizo mjini humo, polisi wakazitawanya, na ufunguzi ukafanyika Bethlehem. Nchi kadhaa za Kiarabu zilitoa stempu za kuadhimisha mwaka huo. Sherehe ilizuiwa mjini, stempu zikaenda popote barua ilipokwenda.

Kuhusu Glasgow, chuo kile kilichosanifiwa na Charles Rennie Mackintosh na kukamilika mwaka 1909 kiliungua mara mbili. Moto wa Mei 2014 uliteketeza maktaba yake mashuhuri, na wa Juni 2018, wakati ukarabati ukiendelea, uliacha karibu kuta tupu.

Na kama umerithi stempu hizo, usitarajie utajiri. Zilichapwa nyingi, na wafanyabiashara wa stempu huuza za aina hiyo chini ya bei iliyoandikwa juu yake. Lakini mwaka 2023, Uingereza ilipoondoa kwenye matumizi stempu zake za kawaida zisizo na msimbo wa mistari, zile za kumbukumbu zenye picha ziliachwa ziendelee kutumika. Ile ya pensi 20, ambayo mwaka 1990 ilitosha barua ya daraja la kwanza, bado ni halali kwenye bahasha ndani ya Uingereza, mradi uongeze nyingine za kutosha kufikia nauli ya leo.