Fangasi waliojificha: mabaka yenye magamba yanayorudi kila ukiacha krimu

Fangasi waliojificha ni fangasi wa kawaida wa ngozi, wale wale wa choa, waliopakwa krimu yenye steroidi (dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe) mpaka sura ya ugonjwa ikabadilika. Choa ambayo haijaguswa hujulikana kwa macho: duara, ukingo ulioinuka kidogo wenye magamba, katikati pametulia. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, tafuta ukingo wenye rangi ya kahawia iliyokolea.

Ukipaka steroidi, muwasho hukatika ndani ya siku chache na ukingo hufifia, ndiyo maana watu huamini wamepona. Kilichotulizwa ni kinga ya mwili iliyokuwa ikipambana. Fangasi wenyewe wapo, wanaendelea kula tabaka la juu la ngozi bila bughudha. Ukiacha krimu, kinga huamka ikakuta wameshasambaa. Mabaka hurudi mapana zaidi, hayana tena umbo la duara, pengine yana vipele vidogo vidogo. Hapo hata mganga mzoefu wa hospitali anaweza kuyaita pumu ya ngozi.

Krimu hizo hazipatikani kwa shida. Nyingi ni za tatu kwa moja: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi katika tyubu moja. Mkorogo wa kung'arisha ngozi nao mara nyingi umetiwa steroidi. Soma pakiti: jina linaloishia na -sone, kama betamethasone, au neno clobetasol, ni steroidi. Ikiwa umeipaka sehemu kubwa ya mwili kwa miezi, usiikatize ghafla kabla ya kuongea na mganga, kwa sababu ngozi inaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo.

Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kuna mambo mawili yanayochelewesha ugonjwa kujulikana. Kwanza ni baridi ya Juni hadi Agosti. Upepo mkavu wa Makambako au Uporoto hupasua ngozi ya kila mtu, basi magamba yakitokea lawama inaiangukia baridi, na baka linakaa chini ya sweta wiki nyingi halijaangaliwa. Pili ni ng'ombe. Rungwe, Njombe na Mufindi wanafuga sana ng'ombe wa maziwa, na ndama huwa na fangasi wao: mabaka ya kijivu yenye ukoko, manyoya yamenyonyoka, hasa kuzunguka macho. Anayemshika ndama huyo huambukizwa mikononi na usoni. Mwambie mganga kama unafuga, hata asipouliza.

Kipimo cha kumaliza ubishi ni kukwangua magamba, na hakina maumivu ya kutisha. Mtaalamu wa maabara anafuta baka kwa spiriti ili kuondoa mafuta, kisha anakwangua kwa ubapa wa kisu butu. Anakwangua ukingoni, kwa sababu katikati fangasi ni wachache, na hilo ndilo kosa linaloharibu vipimo vingi. Unga unaodondoka unawekwa kwenye slaidi, unatiwa tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi 20, unafunikwa na kuachwa dakika kadhaa ili seli za ngozi ziyeyuke. Chini ya hadubini fangasi huonekana kama nyuzi nyembamba zenye matawi, zinazokatiza katikati ya seli. Majibu hutoka siku hiyo hiyo. Si kila zahanati ina kemikali hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa nauli.

Usipake dawa yoyote ya fangasi kwa wiki 2 kabla ya kipimo. Ukiwa umeipaka jana, nyuzi hazionekani, unaambiwa huna fangasi, na unarudishiwa steroidi. Mzunguko unaanza upya. Jibu hasi moja halitoshi. Dalili zikibaki, omba kukwanguliwa tena.

Fangasi wakithibitika mwilini, clotrimazole ya asilimia 1 hupakwa mara 2 kwa siku, wiki 2 hadi 4, kuvuka ukingo wa baka kwa kama sentimita 2, na huendelea wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Wale waliojificha kwa muda mrefu mara nyingi huhitaji vidonge, kwani huzama kwenye vinyweleo. Mapunye ya kichwani daima ni ya vidonge. Krimu peke yake haifiki ndani ya nywele.

Kama si fangasi, mahali penyewe hutoa dokezo. Magamba mazito ya rangi ya fedha kwenye viwiko, magoti na kichwani, na kucha zenye vishimo kama zimedungwa sindano, huelekeza kwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza. Vipele vya viganjani na nyayoni visivyowasha vinadai kipimo cha kaswende. Baka lililofifia ambalo halisikii ukilipitishia pamba ni la kupimwa ukoma upesi. Dawa yake ni ya bure. Magamba yenye mafuta kwenye nyusi na pembeni mwa pua, yaliyoanza ghafla na kwa ukali, ni sababu ya kupima VVU. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, kwa hiyo mganga akikushauri upime hakutukani, anafanya kazi yake.

Pasipoeleweka, omba rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa. Kwa upande huu juu yake ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Huko wanaweza kukata kipande cha ngozi cha milimita 4 hivi kwa ganzi na kukichunguza. Piga picha baka likiwa limechachamaa, maana siku ya miadi linaweza kuwa limetulia. Na tyubu zote ulizowahi kupaka, hata tupu, zitie kwenye mfuko uende nazo.