Papasi hagandi mwilini, acheni kumtafuta asubuhi

Imetokea tena. Mtu ana homa inakuja inaondoka, namuuliza ulilala wapi, ananiambia nyumba ya zamani, sakafu ya udongo, "ila nimejikagua mwili mzima sijaona kupe, kwa hiyo siyo homa ya papasi." Jamani. Leo naandika ili anayefuata nimtumie linki tu.

Huyo unayemtafuta ni kupe mwenye gamba mgongoni, yule anayeng'ang'ania siku kadhaa. Papasi ni kupe laini, hana gamba wala hana muda huo. Anakuja umelala, anafyonza nusu saa hivi, mara nyingine hata haifiki, anashuka zake kwenye ufa wa ukuta. Kumtafuta mwilini asubuhi ni sawa na kuibiwa usiku halafu ukamsake mwizi chini ya shuka.

Na ile ya "lazima akae masaa 24 ndo akuambukize" mmeitoa kwa kupe wenye gamba wanaoleta ugonjwa mwingine wa bakteria, Lyme. Kule ina mantiki, bakteria wako tumboni mwa kupe na wanahitaji muda kuhamia kwenye mate. Kwa papasi, Borrelia, yaani bakteria wa homa ya papasi, wameshajaa kwenye tezi za mate wanasubiri ngozi tu, dakika chache zinatosha. Halafu Ornithodoros moubata, papasi wa Afrika Mashariki na Kati, ana kituko kingine: akiwa anafyonza anatoa majimaji maangavu karibu na mapaja yake, nayo yana bakteria, yanalowanisha pale pale alipotoboa na wewe usingizini unajikuna unayasugua ndani.

Papasi wengine nawapitia haraka. O. sonrai yuko Afrika Magharibi kwenye mashimo ya panya, O. tholozani mapangoni Mashariki ya Kati, O. hermsi kwenye vibanda vya mbao milimani Marekani, wote hao wanaleta homa ya papasi, bakteria tu ndo tofauti. Argas reflexus wa njiwa huko Ulaya shida yake ni mzio, na mzio wenyewe unaweza kuua. Otobius megnini ndo mvunja sheria, watoto wake wanakaa sikioni wiki nzima nzima, kwa mifugo zaidi, binadamu mara chache.

Sasa kinachoniudhi hasa. Homa inapanda ghafla, kichwa, viungo, siku tatu hivi, halafu inashuka YENYEWE. Bakteria hawajaisha, wachache wamebadilisha protini za juu kama mtu aliyebadili shati ili askari asimtambue, wiki hivi baadaye wanarudi wengi. Sasa mtu kameza dawa ya malaria siku ya pili, siku ya tatu homa imeshuka, dawa imepewa sifa zote. Ikirudi anasema malaria sugu! Kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni Borrelia kabisa. Anaonekana kwenye slaidi ya damu, kauzi kamejisokota katikati ya seli, lakini damu ichukuliwe homa ikiwa juu, ukija umepoa mtaalamu atakodoa macho weee asione kitu. Na kukuta malaria hakumwondoi huyu, wanaweza kuwa wote wawili.

Dawa zipo, doksisaiklini inafanya kazi vizuri, ila usijitibu nyumbani maana masaa machache baada ya dozi ya kwanza mtu anaweza kutetemeka na presha kushuka. Mjamzito asisubiri hata siku moja, huu ugonjwa unaua vichanga, na dawa yake huchaguliwa tofauti.

"Nyumba ilikuwa tupu muda mrefu" nayo siyo kinga, papasi anakaa na njaa miaka, na mama anapitisha bakteria hadi kwenye mayai. Vitabu vinasema Borrelia duttonii, bakteria anayebebwa na papasi wetu huyu, anaishi kwa binadamu tu, ila Tanzania ameshakutwa kwa kuku na nguruwe, sentensi ile siiamini tena. Hata majina ya spishi tunabishana, papasi mchanga kumtambua kwa macho ni kubahatisha, tusidanganyane.

Kuna mtu aliniletea kichupa cha vumbi la chini ya kitanda akiwa na uhakika ni tupu, nikakimimina kwenye sahani nyeupe tukasubiri. Baada ya muda vipande vitatu vya udongo vikaanza kutembea.