Kabla Hujageuza Taka za Plastiki Kuwa Viti vya Nje

Anayetengeneza benchi la bustani kwa chupa na madumu yaliyojazana nyumbani kwake huhofia mvua. Mvua haiidhuru plastiki. Kinachoimaliza ni jua. Miale ya urujuanimno huvunjavunja minyororo ya molekuli inayoipa plastiki nguvu: kwanza rangi hupauka, kisha uso hutoa unga mweupe mithili ya chaki, baadaye nyufa ndogo hutokea, na mwisho mtu anakaa na kiti kinapasuka. Hata kabla hakijapasuka, unga ule huwa umeshaanza kudondoka udongoni na kusombwa na maji. Hizo ni chembe ndogo mno za plastiki ambazo hakuna atakayeziokota tena. Kiti cha namna hiyo kimegeuza taka inayoonekana kuwa taka isiyoonekana, na kwa maoni yangu hapo tumerudi nyuma.

Nasema hivi nikiwa miongoni mwa wanaoitetea kazi hii kwa moyo wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science Advances ulikadiria kwamba hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imezalisha takriban tani bilioni 6.3 za taka za plastiki. Asilimia 9 hivi zilirejelezwa, asilimia 12 zikachomwa, na asilimia 79 zikabaki madampo au zikazagaa katika mazingira. Viti vyetu havitaubomoa mlima huo. Ila chupa iliyotumika kwa dakika chache tu inaweza kufanya kazi ya maana kwa miaka kadhaa zaidi, mradi kazi yenyewe ifanywe kwa kuijua plastiki.

Kuijua kunaanza kwa kupindua chombo na kutazama chini yake. Utakuta pembetatu yenye namba kati ya 1 na 7, utaratibu ulioanzishwa na watengenezaji wa plastiki Marekani mwaka 1988. Chupa nyingi za maji na soda ni namba 1. Madumu na chupa za sabuni za maji ni namba 2. Mifuko laini ni namba 4; ndoo, beseni na vifuniko vingi ni namba 5. Namba 3 ni ya mabomba na baadhi ya vifuniko vya meza, namba 6 ni ya vikombe vyepesi vya kutupa na ile plastiki yenye povu inayokinga vifaa vya umeme katika maboksi. Namba 7 ni mchanganyiko wa mambo mengi, afadhali uiache.

Namba ikiwa imefutika, kata kipande kidogo, kitumbukize majini na ukisugue kwa kidole ili viputo vya hewa visikishike. Namba 2, 4 na 5 huelea. Namba 1, 3 na 6 huzama, isipokuwa ile namba 6 yenye povu. Jaribio hili halimalizi kila shaka, lakini linatosha kwa kazi za nyumbani.

Kitu kimoja hakiingii kabisa katika hesabu hii, nacho ni chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu, ya magugu au kemikali nyingine kali. Sumu hujipenyeza ndani ya plastiki yenyewe na haitoki yote kwa kuoshwa. Kisigeuzwe kiti, wala chungu cha maua, wala kitu chochote ambacho mtoto atakishika.

Kwa anayeanza, stuli ya chupa ni mwalimu mzuri. Chagua chupa 19 za lita 1 na nusu, zote za umbo moja ili vimo vilingane. Zioshe na uzikaushe, kisha zijaze mifuko na makaratasi laini ya plastiki, nayo yakiwa safi na makavu. Ukavu hapa si anasa: mabaki ya chakula huoza ndani ya chupa, hutoa gesi, na chupa huvimba hadi kizibo kikaruka. Shindilia kwa kijiti butu kila unapoongeza, mpaka chupa ifike nusu kilo hivi kwenye mizani. Ikiwa nyepesi kuliko hapo itabonyea ukiikalia. Familia nyingi hushangaa kuona chupa moja inavyomeza mifuko, na mshangao huo una faida yake, kwa sababu ndipo mtu anapotambua kiasi cha plastiki laini kinachopita nyumbani mwake.

Simamisha chupa moja, izungushie 6, uzifunge kwa nguvu. Kisha zungushia 12 nyingine na ufunge tena, mkanda mmoja karibu na chini na mwingine karibu na mabega ya chupa. Hesabu ya 1, 6 na 12 huzifanya zishikane bila nafasi ya kuyumba. Ubao wa mviringo hukaa juu ya vizibo, na mto juu ya ubao, mpaka kimo kifike kama sentimita 42. Baada ya hapo funika yote kwa kitambaa kizito kinachovulika na kufulika. Kitambaa hicho ndicho kinga ya jua, hivyo usikihesabu kuwa pambo la hiari.

Mikanda ya kufungia unaweza kuikata kutoka chupa ya namba 1 yenye ubavu laini: kata kitako, kisha fuata mzingo kwa mkasi ukitoa utepe wa upana wa milimita 7 hivi bila kuukatiza. Utepe huu una tabia ya ajabu. Kiwandani, chupa ilipulizwa na kunyooshwa plastiki ikiwa vuguvugu, na molekuli zikagandia katika hali ya kunyooka. Ukiufunga utepe na kuumwagia maji yaliyochemka, molekuli hizo hurudi nyuma na utepe hujikaza wenyewe kuzunguka kiungo. Miguu ya meza ya mbao iliyolegea huweza kufungwa hivyo, bila msumari.

Lakini ukiniuliza ni kazi ipi yenye tija kuliko zote, nitakwambia ni kufuma. Kiunzi cha kiti kilichochakaa, cha chuma au cha mbao, bado kina uhai. Kilichokufa ni sehemu ya kukalia tu. Ile mikanda migumu ya kufungia mizigo, ambayo hutupwa mara boksi linapofunguliwa, hufumwa juu ya kiunzi kama mkeka. Inapitisha hewa, haishiki maji, na mkanda mmoja ukikatika unabadilisha huo huo bila kugusa mingine. Sijaona njia nyingine inayotoa kiti imara kwa kazi ndogo namna hiyo.

Kuyeyusha plastiki jikoni au kwenye moto wa uani nakukataza waziwazi. Namba 3 ikipata joto kali hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu, na ikiungua huweza kuzalisha dioksini, sumu inayodumu mwilini. Namba 2 huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za selsiasi, ilhali namba 1 huhitaji karibu 250. Ukizitia chungu kimoja, moja itakuwa imeanza kuungua nyingine ikiwa bado ngumu. Hata namba 2 na namba 5, ambazo hufanana kwa macho, hazishikamani vizuri zikiyeyushwa pamoja, na ubao wake huvunjika pale zilipokutana. Kazi hii ni ya karakana yenye mashine za kudhibiti joto na njia ya kutoa hewa chafu. Mradi wa Precious Plastic, ulioanzishwa na Mholanzi Dave Hakkens mwaka 2013, hutoa bure michoro ya mashine kama hizo, na kikundi cha majirani kinaweza kuanzia hapo. Mchango wa kaya uwe kutenganisha, kuosha na kukausha.

Ukipata mbao za plastiki kutoka karakana, kumbuka kwamba hazina tabia za miti. Ubao wa namba 2 wenye urefu wa mita 1 hurefuka milimita 3 hadi 6 joto likipanda kwa nyuzi 30, wakati chuma cha urefu huo hakifikishi hata nusu milimita. Kwa hiyo toboa matundu marefu kidogo kuliko bolti, na acha nafasi kati ya ubao na ubao. Tena plastiki hubonyea polepole chini ya mzigo wa muda mrefu, basi mihimili isiachane zaidi ya sentimita 40.

Kuhusu rangi, usijisumbue na madumu na ndoo: namba 2 na 5 hazishiki rangi, itabanduka tu. Bora uchague madumu meusi tangu mwanzo, kwa kuwa masizi yanayoyapa weusi hunyonya ile miale ya jua kabla haijaingia ndani. Yaliyo meupe au yanayopitisha mwanga yaweke kivulini.

Vyungu vya maua vitobolewe chini, na kiti chenye uwazi kizibwe. Mbu huhitaji maji kidogo sana yaliyotuama, na yai huweza kuwa mbu mzima ndani ya wiki moja hadi siku 10 hivi.

Funga kwa bolti, skrubu na kamba kila inapowezekana, ukiepuka gundi na saruji. Chupa iliyozikwa ndani ya saruji haitarejelezwa kamwe. Kila baada ya miezi michache pitisha kidole juu ya kiti. Kidole kikitoka na unga, kifungue, utenganishe vipande kwa namba zake na uvipeleke kwa wanaokusanya plastiki. Katika stuli, mara nyingi zinazochakaa ni zile chupa 12 za nje. Saba za ndani zikague, na ukizikuta bado ngumu, zizungushie 12 mpya.